Uno ya Shangazi

Fiat ilipotaka kuionyesha dunia gari lake jipya dogo, Januari 1983, haikuwaita waandishi wa habari Torino. Iliwapeleka mpaka Cape Canaveral, Florida, pale Wamarekani wanaporushia roketi. Gari lenyewe lilikuwa Uno: kisanduku cha kwendea sokoni, kikizinduliwa mahali ambapo watu walianzia safari ya mwezini. Na kumbe Waitaliano walikuwa na kituo chao cha roketi hapa hapa kwetu, kaskazini mwa Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini. Ni kutoka pale ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, na jina ikalipata kwa sababu ya siku hiyo. Wangekuja Malindi wangekula samaki wa kupaka na wangerudi kwao na pesa mfukoni.

Habari hizi nimezisoma usiku mwingi kuliko inavyohitajika. Sababu ni kwamba ninayo Uno nje ya nyumba, South B, namba zake zinaanza na KAB, na inabidi niamue kama itabaki au itaenda. Nilidhani nikijua ilikotoka nitajua pa kuipeleka. Haikuwa rahisi hivyo, lakini nilichokipata njiani ni kizuri, basi nisikilize.

Miaka mitatu kabla ya sherehe ile ya Florida, Fiat ilikuwa taabani. Gari lao dogo, 127, lilikuwa sokoni tangu 1971 na lilikuwa limezeeka. Ndani ya kiwanda cha Mirafiori, wakubwa na vyama vya wafanyakazi hawakuwa wakisikilizana hata kidogo. Septemba 1980 kampuni ikatangaza kwamba itawafuta watu zaidi ya 14,000. Wafanyakazi wakafunga milango ya kiwanda, wakakaa pale siku 35. Kisha tarehe 14 Oktoba likatokea jambo ambalo vyama havikulitegemea: wasimamizi, makarani na wafanyakazi waliotaka kurudi kazini wakajaa mitaani Torino kuandamana dhidi ya mgomo. Wanaitwa "elfu arobaini" mpaka leo, ingawa hesabu yenyewe inabishaniwa. Mgomo ukavunjika. Watu wapatao 23,000 wakawekwa kando, wakiishi kwa malipo ya mfuko wa serikali, na wengi wao hawakuliona tena lango la kiwanda kutoka ndani.

Uno ndilo gari lililokuja baada ya hapo. Roboti zilizokuwa zimeanza kuchomelea bodi za Fiat Ritmo mwishoni mwa miaka ya sabini sasa zilipata kazi ya kutosha, na mwaka 1985 ikaja injini mpya ya cc 999 iliyounganishwa Termoli, pwani ya mashariki ya Italia. Iliitwa FIRE, na ile R katikati ni ya roboti. Hawakuona haja ya kuficha. Injini hii ina vipande vichache kuliko ile iliyoitangulia, ni nyepesi, inakunywa petroli kwa adabu, na mkanda wa taiming ukikatika barabarani vali hazigongwi na pistoni. Unavutwa gereji, unawekewa mkanda mwingine, unaenda zako. Ukitaka kujua hilo lina maana gani, muulize mtu yeyote aliyewahi kukatikiwa na mkanda kwenye gari la kisasa, kisha umpe kiti akae.

Naipenda injini hiyo. Lakini siwezi tena kuisikia ikinguruma asubuhi bila kuwaza wale wa Mirafiori.

Umbo lilichorwa na Giorgetto Giugiaro, jamaa yule yule aliyechora Golf ya kwanza ya 1974 na Panda ya 1980. Inasemekana mchoro wake wa mwanzo ulikuwa wa Lancia, Fiat wakauchukua. Wakati magari madogo ya enzi hizo yalikuwa yakiinamishwa ili yaonekane ya mbio, yeye alilinyanyua paa. Ukikaa ndani unakaa wima kama kwenye kiti cha mezani, magoti yanapata nafasi, na mzee wa miaka 80 anaingia bila kukunjwa. Ajabu ni kwamba pamoja na urefu huo, bodi inakata upepo vizuri. Waipa ya mbele ni moja tu, ndefu, inafagia kioo kizima kama mama wa nyumbani mwenye haraka. Mwaka 1984 Uno ikashinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya, na waliyoipiku ni Peugeot 205. Wazee wetu waliolelewa na 504 wangeyasikia hayo wangenuna.

Sasa, imefikaje kwa shangazi? Kupitia Safari Rally. Alikuwa nesi Nakuru, na kila Pasaka magari ya mbio yalipita yakitimua vumbi. Lancia walikuwa wameihangaikia Safari kwa miaka mingi bila kushinda. Mwaka 1975 waliingiza Stratos mbili, zikashika nafasi ya pili na ya tatu, na Peugeot 504 ya Ove Andersson ikaondoka na ushindi. Kilichowafungulia mlango hatimaye kilikuwa gari lenye asili ya familia, mlango wa nyuma ukifunguka kwa juu kama la kubebea mboga: Delta. Miki Biasion alishinda nalo 1988, akarudia 1989, na Juha Kankkunen akashinda nalo 1991. Delta nayo ilichorwa na Giugiaro. Shangazi hakujua hilo la mchoraji. Alijua tu kwamba kigari kifupi cha Waitaliano kimewatoa jasho wakubwa. Alipopata mkopo wa Sacco mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wote walimshauri anunue pikapu ili "iwe na faida". Akanunua Uno.

Alikuwa wa kwanza kununua gari katika ukoo wetu, wanaume wakiwemo. Sitaki kulipita hilo haraka. Kwa miaka kama kumi na mitano Uno hiyo ndiyo ilikuwa ambulensi ya kijiji, gari la harusi, na la kupeleka maiti wa watoto wachanga nyumbani, jambo ambalo nesi huombwa na hawezi kukataa. Wajomba waliomcheka ndio waliokuwa wakigonga dirishani saa nane za usiku. Mimi mwenyewe nilizaliwa hospitalini kwa sababu iliwaka asubuhi ile ya mvua. Kwa hiyo mtu akiniambia "hiyo ni gari tu", namwelewa, lakini hayuko kamili.

Wakati huo huo soko lilikuwa likibadilika chini ya miguu yake. Uagizaji ulipofunguliwa miaka hiyo ya tisini, mitumba ya Japani ikaanza kumiminika Mombasa, mingine ikipitia Dubai. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari walilolichoka linafaa hapa bila kubadilishwa kitu. Italia usukani uko kushoto, na sheria yetu hairuhusu kusajili gari la namna hiyo hivi hivi. Hapo ndipo Fiat ilipokwama: mtumba wake haukuwa na njia ya kufika. Speya zikafuata wateja. Ukipita Kirinyaga Road leo ukiulizia pampu ya maji ya Vitz, vijana wanne watakukimbilia. Ukitaja Uno watakuita mzee mmoja kutoka nyuma ya duka, na mzee atatabasamu kwanza.

Kisha kuna kanuni ya umri wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa. Maana yake kwangu ni hii: nikiiuza Uno sitaweza kununua nyingine. Kiwanda cha Italia kilishaacha kuitengeneza mwaka 1995. Mwenye Toyota akiuza Toyota anabadilisha gari. Mimi nikiuza nafunga ukurasa.

Hata wenyewe waliotengeneza hawakukubaliana waifanyie nini. Torino waliamua kuibadilisha: Punto ilitoka 1993, tena kwa mkono wa Giugiaro huyo huyo, na baada ya miaka miwili Uno ikatoka kiwandani kwao. Brazil walikataa. Kiwanda cha Betim, jimbo la Minas Gerais, kilikuwa kikitengeneza Uno yake tangu 1984, yenye tairi la akiba chini ya boneti ili buti libaki wazi. Serikali ya Brazil ilipopunguza kodi ya magari ya injini ndogo, Fiat ikatoa Uno Mille mwaka 1990, na kwa familia nyingi hilo likawa gari la kwanza. Mwaka 2010 wakaleta Uno mpya kabisa, lakini ya zamani wakaendelea kuitengeneza pembeni kwa sababu watu hawakuacha kuinunua. Afrika nako ilikawia. Nissan ya Afrika Kusini iliitengeneza kwa leseni kuanzia 1990 hadi 2006, ndiyo maana baadhi ya vipuri vyangu vinatoka huko kwa basi na kwa maombi. Morocco nayo iliiunganisha Casablanca kama gari la bei nafuu.

Kilichoimaliza Brazil hakikuwa soko. Ilikuwa sheria. Kuanzia Januari 2014 kila gari jipya lilitakiwa liwe na mifuko ya hewa na breki za ABS, na kisanduku kilichochorwa kabla ya 1983 hakikuwa na pa kuviweka kwa gharama ya maana. Desemba 2013 wakatengeneza za mwisho, toleo la magari 2,000 waliloliita Grazie Mille, yaani asante sana. Kombi ya Volkswagen ilikufa mwezi huo huo kwa sheria hiyo hiyo.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Mpaka wakati huo hesabu yangu ilikuwa ya pesa na moyo. Fundi wangu wa Industrial Area alikuwa ameshanipa yake: redieta, shoka mbili za mbele, na kuchomelea sakafu upande wa abiria ambako kutu imekula hadi unaona lami. "Injini iko sawa, madam," aliniambia. "Ni mwili ndio unaisha." Gharama ningeimudu kwa miezi mitatu ya kujinyima. Lakini nina mtoto wa miaka miwili. Kiti chake nimekifunga nyuma kwa mkanda wa zamani, na kila asubuhi tunaingia Mombasa Road katikati ya malori, mbele yetu hakuna mfuko wa hewa hata mmoja, pembeni kuna bati la unene wa mfuniko wa sufuria. Shangazi alibeba watoto humo kwa sababu njia nyingine ilikuwa mkokoteni au mgongo wa mtu. Mimi njia nyingine ninayo.

Nikampigia. Nilijiandaa kwa machozi, yangu au yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza Demio inakula lita ngapi kutoka Nairobi hadi Nakuru. Nikamjibu. Akanyamaza kidogo. "Ile sahani ya namba ya nyuma," akasema, "usimpe mtu." Nikamweleza kwamba sheria hairuhusu kuuza gari bila namba zake. "Basi nitafutie kitu kingine," akasema, na akaanza kunieleza habari za ng'ombe.

Fundi ndiye anayenunua. Ana Uno mbili uani kwake, moja injini imekufa na bodi ni nzima, nyingine ni ya mteja mwalimu ambaye bado anaiendesha kila siku na anahitaji giaboksi. Yangu itagawanywa kati ya hizo mbili. Injini ya Termoli itaingia kwenye bodi isiyo na kutu, giaboksi itamwendea mwalimu, na sakafu yangu itauzwa kwa kilo. Nimemwomba anipe mkono wa waipa. Akasema hiyo haiwezekani madam, ni ule mmoja tu, na hauagiziki. Tumekubaliana nichukue kitasa cha gia, ambacho shangazi alikishika miaka yote hiyo hadi namba zikafutika. Kuhamisha umiliki kumekwama mtandaoni tangu Jumanne, kwa hiyo leo jioni Uno bado iko nje, na jirani ameshaanza kuegesha karibu zaidi akijipimia nafasi.