Nuru inayounganisha na kutenganisha wapendanao

Nilipoisoma Romeo and Juliet mara ya kwanza, nilidhani nuru ni pambo tu la mapenzi. Kumbe wapi! Tamthilia hiyo ya Shakespeare ilichapishwa kwanza mwaka wa 1597, enzi ambapo michezo iliigizwa mchana kweupe katika majumba ya London yaliyo wazi juu. Usiku uliumbwa kwa maneno. Romeo anamfananisha Juliet na jua. Juliet naye anausihi usiku umletee mpenziwe. Lakini jua lenyewe likichomoza, Romeo, aliyefukuzwa Verona, sharti aondoke ama auawe. Hapo ndipo kilipo kinaya, msomaji wangu: nuru ya sitiari huwaunganisha, nuru ya alfajiri huwatenganisha.