Joseph Olita na Uso wa Idi Amin

Katika somo la insha, mwanafunzi wetu mmoja hapa Kanyosha aliandika kwamba Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda, alihifadhi vichwa vya maadui zake ndani ya friji. Tulimwita tukamwuliza alikozipata habari hizo. Akajibu kwa adabu, wala hakusita: "Nimemwona, Mwalimu." Yafaa ikumbukwe kwamba Amin aliikimbia Kampala mwezi wa Aprili 1979, akafariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, na kijana huyo alizaliwa baada ya yote hayo. Aliyemwona si Amin. Alimwona Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya, katika filamu iliyotolewa mwaka 1981.

Jibu la kijana lilitusumbua kwa kuwa hata sisi walimu wake, tukifumba macho tukalitaja jina la Amin, uso unaotujia ni wa Olita. Filamu hiyo tuliitazama katika kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, na kijana mmoja amesimama kando ya televisheni akitueleza kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyeuliza jina la mchezaji. Tulisema tu, "Leo kuna Amin." Makala haya yanakusudia kumrudishia mchezaji huyo jina lake, na kuangalia kazi aliyoifanya ilitutendea nini.

Filamu yenyewe, inayojulikana kwa Kiingereza kama Rise and Fall of Idi Amin, ilitengenezwa na kuongozwa na Sharad Patel, Mwafrika Mashariki mwenye asili ya Kihindi. Ilipigwa nchini Kenya muda mfupi baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuiteka Kampala. Haraka hiyo yaonekana katika filamu nzima. Matukio yanafuatana mbiombio: mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, Entebbe mwaka 1976, kisha vita na Tanzania. Mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua wala ya kuuliza sababu. Kama si Olita, twaonelea filamu hii ingesahaulika upesi.

Olita alikuwa na umbo la kumwakilisha mtu ambaye katika ujana wake alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Lakini umbo peke yake halimfanyi mtu kuwa mwigizaji. Ustadi wake umo katika kicheko. Anacheka na wageni wake, mabega yakitikisika, na mtazamaji naye anaanza kutabasamu. Halafu macho yanaacha kucheka kabla ya kinywa. Hapo ndipo watu kibandani walipokuwa wakinyamaza. Mfasiri wetu naye alinyamaza, maana hapakuwa na neno la kufasiri.

Kuna jambo moja katika filamu hii ambalo hatujaliona kwingine. Denis Hills, Mwingereza aliyekuwa mwalimu nchini Uganda, alihukumiwa kifo mwaka 1975 kwa sababu ya mswada wa kitabu alimomwita Amin mtawala dhalimu wa kijijini. Aliokolewa baada ya James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kusafiri hadi Kampala kumchukua. Katika filamu Hills anajiigiza mwenyewe. Yaani mtu aliyewahi kungoja kuuawa kwa amri ya Amin wa kweli alikubali kuyarudia masaibu yake katika mchezo ambao Amin wake ni Olita. Tunajaribu kuwaza jinsi kazi ya mwigizaji ilivyokuwa nzito mbele ya shahidi wa namna hiyo. Waigizaji wengi huogopa wahakiki. Huyu alikuwa na mhakiki aliyekaribia kuuawa.

Tukirudi kwenye friji ya mwanafunzi wetu, habari hiyo ni uvumi uliotembea sana wakati ule, na haikupata kuthibitishwa. Henry Kyemba, waziri wa Amin aliyetoroka mwaka 1977, aliandika kwamba Amin mwenyewe alijigamba kuwa amekula nyama ya binadamu. Kujigamba ni jambo moja, na ushahidi ni jambo jingine. Filamu iliyachanganya mambo hayo kwa kuwa uvumi hupendeza zaidi machoni kuliko orodha ya majina. Na majina yapo. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Waliofia mikononi mwa utawala ule hukadiriwa mara nyingi kufikia 300,000. Mwanafunzi aliyeshika friji akamwacha Luwum amenyimwa historia, ingawa kosa si la Olita. Mwigizaji hucheza alichoandikiwa.

Amin wa kweli naye alikuwa mchezaji wa sinema. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu juu yake ambayo Amin alikubali kupigwa picha mwenyewe, akapanga hata baadhi ya matukio. Alipogundua kwamba watazamaji wa Ulaya walikuwa wakimcheka, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka sehemu alizozichukia zikakatwa. Anayetaka kupima ustadi wa Olita aitazame kwanza filamu ile. Amin wa Schroeder ana haya kidogo, anatafuta sifa, mara nyingine anachosha. Olita aliyapunguza hayo akauongeza ukatili. Ndivyo ilivyohitajiwa mwaka 1981, jeraha likiwa bado bichi.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tuna lalamiko letu. Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na Kiswahili cha kambini kilikuwa lugha yake ya kazi. Mwaka 1973 ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa Waganda wengi lugha hii ilibaki na harufu ya bunduki, na aibu hiyo haijaisha yote. Filamu, kwa kusemwa kwa Kiingereza, inaliruka jambo hilo kabisa. Forest Whitaker alipomwigiza Amin katika The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyompa tuzo ya Oscar, ilimbidi ajifunze Kiswahili. Olita, Mkenya, hakupewa nafasi ya kukitumia ipasavyo. Kiswahili cha Amin tulichokisikia Kanyosha kilitoka kinywani mwa kijana wa kibandani.

Mwaka 1991 Mira Nair alimrudisha Olita katika Mississippi Masala, hadithi ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda. Safari hii Olita ni Amin yule yule, lakini hapewi ila nafasi ndogo. Watu walio mbele ni wale wanaofunga mizigo. Sisi twaipenda zaidi nafasi hiyo ndogo. Mwaka 1972 una maana yake huku kwetu Burundi. Wazee wetu wanapoutaja hawawawazi Waasia wa Kampala, na mara nyingi hawaendelei na maneno. Wakati wa kuitazama filamu ile ya pili, mzee mmoja aliyekuwa nasi alimwangalia baba wa familia akiiaga nyumba yake, akasema polepole kwamba huyu anamjua.

Olita alifariki mwaka 2014 nchini kwao Kenya. Katika taarifa za kifo chake jina la Amin halikukosekana, na pengine mtu aliyesoma kwa haraka alidhani Amin amekufa mara ya pili. Mwanafunzi wetu tulimrudishia insha yake bila kufuta sentensi ya friji. Tulimwagiza aandike pembeni aliyemwona ni nani. Aliandika "Joseph Olita", kisha akauliza kama tulikuwa na picha yake akiwa na nguo zake za kawaida. Hatukuwa nayo.