Tuzo na Hukumu

Tuzo humsifu mwandishi, bali haiwezi kumkinga. Kinga yake ni sheria. Historia ya Baraza la Habari Tanzania, lililoanza kuwatuza waandishi hodari mwaka 2009, yathibitisha hayo. Mwaka 2016 Bunge, mjini Dodoma, lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari. Baraza, pamoja na watetezi wa haki za binadamu, likaishtaki Serikali. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa, vikiwamo vya kashfa na uchochezi, vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Siku 16 baadaye Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, Dodoma. Deni la hukumu hiyo likazifuata wizara huko. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria hiyo.