Kutoka Kilimia hadi Uhuru

Ukitoka Kitengela usiku kwa barabara ya Namanga, taa za maduka na vituo vya mafuta huwa zimezimeza nyota. Pita Isinya, karibia mji wa Kajiado, kisha shuka garini usubiri macho yazoee giza. Kuanzia Novemba hadi Machi utaiona Kilimia, kishada cha nyota sita zilizobanana. Waswahili waliipa jina kutokana na kulima. Wamaasai huiita Inkokua. Mwaka 1905 Alfred Claud Hollis aliandika kwamba wafugaji hawa waliitumia kujua misimu: ikitoweka magharibi, mvua kubwa zimekwisha. Hiyo ni elimu ya falaki kamili, nami sioni haya kuiita hivyo.

Lakini jicho huona sehemu ndogo tu ya yanayotoka angani. Eksirei, kwa mfano, huzuiwa na hewa isifike ardhini. Aliyetaka kuichunguza ilimbidi apeleke chombo juu ya hewa, na safari moja muhimu ya aina hiyo ilianzia Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Huko, jirani na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliiita Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na siku yao.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikipepesa upesi mno, ishara kwamba ni kitu kidogo sana; leo kinajulikana kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Novemba 1972 jukwaa lilelile lilirusha SAS-2, ya kuchunguza miale ya gama. Siku hizi wapo wanafalaki wanaosikiliza mawimbi ya redio ya galaksi, wanaopima mawimbi ya uvutano, na wanaosaka sayari za majua mengine.

Walimu wa Kitengela, chagueni usiku usio na mwezi, muwatoe watoto nje ya mji. Waonyesheni Kilimia, na muwasimulie habari za Uhuru.