Neno la Mtoto Mbele ya Majaji wa Rufani

Watu wengi hudhani kwamba rufaa ni kesi inayosikilizwa upya. Hudhani mashahidi wataitwa tena, mtoto atasimama tena kizimbani, na majaji watazitazama nyuso zao na kuamua nani mkweli. Sivyo ilivyo. Kwa kawaida mahakama ya rufaa husoma. Mbele ya majaji huwekwa bunda la karatasi liitwalo mwenendo wa shauri, na jambo lisiloandikwa humo, kwao ni kama halikutokea.

Mimi nilikuwa karani wa masijala katika mahakama moja ya wilaya, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupiga chapa karatasi hizo kutoka katika mwandiko wa mahakimu. Katika mashauri yote yaliyopita mikononi mwangu, hakuna yaliyonikaa moyoni kama yale ya watoto waliodhalilishwa. Ndiyo maana nimeona si vibaya kueleza, kwa ufupi, jinsi neno la mtoto lilivyopimwa na mahakama za juu tangu zamani, na kwa nini haki ya mtoto, pamoja na haki ya mshtakiwa, hukaa katika ncha ya kalamu ya hakimu wa kwanza.

Mzizi wa jambo hili ni wa kigeni. Mwaka 1779, katika mji wa Reading huko Uingereza, mtu aitwaye Brasier alitiwa hatiani kwa kumshambulia mtoto wa kike kwa nia ya kumbaka. Mtoto huyo hakuwa ametimiza miaka 7. Yeye mwenyewe hakusema neno mahakamani. Waliosema ni mama yake na mwanamke mwingine, wakieleza yale mtoto aliyowaambia alipofika nyumbani. Wakati huo Uingereza haikuwa na mahakama ya rufaa ya jinai (hiyo ilikuja kwa sheria ya mwaka 1907), lakini jaji aliyekuwa na shaka aliweza kuwauliza wenzake. Majaji 12 walilijadili swali hilo na wakaamua mambo mawili. La kwanza, maneno ya mtoto yakisemwa na mtu mzima ni ya kusikia tu, na hayatoshi. La pili, hakuna umri maalumu wa kumzuia mtoto asitoe ushahidi. Hata aliye chini ya miaka 7 aweza kuapishwa, mradi ionekane anaelewa maana ya kiapo. Brasier alisamehewa. Mlango ulifunguliwa kwa watoto wote wa baadaye, na siku ile ile ukafungwa kwa mtoto yule mmoja.

Mapokeo hayo yalitufikia kwa njia ya mzunguko. Waingereza waliandika Sheria ya Ushahidi ya India mwaka 1872, kisha wakaileta Tanganyika walipoitawala. Tuliitumia hadi tulipotunga Sheria ya Ushahidi yetu wenyewe mwaka 1967. Sheria yetu ilimhesabu kuwa mtoto wa umri mdogo yeyote anayeonekana hajazidi miaka 14. Kabla mtoto huyo hajatoa ushahidi, hakimu alipaswa kumhoji: je, anaelewa maana ya kiapo? Kama haelewi, je, ana akili za kutosha, na anajua wajibu wa kusema kweli? Akishindwa kuapa, aliweza kusema bila kiapo, lakini maneno yake yalihitaji ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Majibu yote hayo yalipaswa kuandikwa.

Hapo ndipo mashauri mengi yalipojikwaa. Mtu aliyetiwa hatiani katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha sababu zake. Rufaa huenda kwanza Mahakama Kuu, na ikishindikana hapo, Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Tangu enzi ya mahakama ya rufaa ya pamoja ya Afrika Mashariki, katika hukumu ya mwaka 1957 na nyingine ya mwaka 1972, kanuni ni kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa lazima iupime upya ushahidi wote, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Nakuomba msomaji uyatafakari maneno hayo ya mwisho. Hakimu alimwona mtoto akishika pindo la gauni lake, akainamisha kichwa, akanyamaza, kisha akasema. Jaji wa rufaa anaona mstari mmoja uliopigwa chapa.

Nakumbuka nilipiga chapa ushahidi wa msichana wa miaka 9. Hakimu alikuwa ameandika kwamba shahidi ni mtoto, lakini anajua kusema kweli. Basi. Hakuandika alimwuliza nini, wala mtoto alijibu nini. Pengine alimhoji kwa muda mrefu na kwa upole; karatasi haikusema. Miaka kadhaa baadaye jalada lilirudi kwetu na hukumu ya rufaa. Ushahidi wa mtoto ulikuwa umeondolewa katika kumbukumbu, uliobaki haukutosha, na mfungwa akaachiliwa. Baba wa msichana alikuja masijala akauliza, "Kwa hiyo wamesema mwanangu aliongopa?" Nikamjibu kwamba hukumu haikusema hivyo. Na kweli haikusema. Ilisema tu kwamba haikuthibitishwa kwa njia ambayo sheria inaitaka. Lakini nani atakwenda kijijini kueleza tofauti ya mambo hayo mawili?

Tena kulikuwa na jambo la lugha. Mtoto alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na majaji wakasoma Kiingereza hicho. Mtoto wetu hafundishwi kuyataja mambo haya kwa majina yake. Husema, "Alinifanyia tabia mbaya," au "Alinifanyia matusi." Kila mama anayesikia maneno hayo huelewa na mikono humtetemeka. Sheria, kwa upande wake, inadai kila kipengele cha kosa kithibitishwe. Zipo hukumu za rufaa zilizosema kwamba maneno ya jumla namna hiyo hayatoshi. Baadaye zikatoka nyingine zilizokubali kwamba watu, kwa malezi na mila zao, husema kwa tafsida, na kwamba mahakama haina budi kuutazama ushahidi wote ili ielewe kilichokusudiwa. Naona hilo lilikuwa jambo la busara. Sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wengi walishangilia kwa ajili ya utaifa. Mimi niliwakumbuka watoto hao.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1998, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Adhabu ya kubaka ilipandishwa ikawa kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Pamoja na hayo, mahakama iliruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, iwapo imeridhika kwamba anasema kweli tupu, na ikaandika sababu za kuridhika kwake. Mahakama ya Rufani nayo, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za mwaka 2006, ikasema kwamba ushahidi ulio bora katika kosa la kubaka ni ule wa aliyetendewa. Kauli hiyo imenukuliwa katika hukumu nyingi mno tangu hapo. Na haki ilikuwa hivyo, kwa maana maovu haya hutendwa faraghani. Kudai shahidi wa pili ni kumwambia mwovu kwamba mradi amefunga mlango, yu salama.

Hata hivyo adhabu nzito na ushahidi wa mtu mmoja vikikutana, uangalifu hauna budi kuongezeka. Wenzetu wa Marekani waliliona hilo. Katika jimbo la New Jersey, mwalimu wa shule ya chekechea alitiwa hatiani mwaka 1988 kwa makosa 115 dhidi ya watoto wadogo, akahukumiwa miaka 47. Mwaka 1993 hukumu ikatenguliwa, na mwaka 1994 mahakama ya juu ya jimbo ikaafiki, ikieleza kwamba watoto walikuwa wamehojiwa kwa maswali ya kuwaelekeza na kuwashinikiza, tena kwa kurudiarudia. Majaji hawakusema kwamba watoto ni waongo. Walisema watu wazima waliweza kuwa wameharibu kumbukumbu yao. Mtoto ni kama udongo mbichi; kila anayeushika huacha alama ya vidole vyake.

Hapa kwetu, shauri lililowagawa watu kuliko yote ni la mwanamuziki Nguza Viking na wanawe. Mwaka 2004 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwahukumu kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanafunzi wa kike wa shule ya msingi. Mahakama Kuu iliitupa rufaa yao mwaka 2005. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachilia wana wawili, ikathibitisha hatia ya Nguza na mwanawe Johnson, maarufu kwa jina la Papii Kocha. Ombi la kuipitia upya hukumu hiyo nalo lilikataliwa mwaka 2013. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaona kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa katika baadhi ya mambo, likiwemo la kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi.

Siandiki haya ili niseme nani alikuwa na haki. Hiyo si kazi ya karani. Nataka tu msomaji aone kwamba milango hiyo haifanani. Rufaa huuliza kama hatia ilithibitishwa. Msamaha hauulizi hatia, huondoa adhabu. Mahakama ya haki za binadamu huuliza kama mshtakiwa alitendewa sawasawa. Watu barabarani waliichanganya yote mitatu, wakashangilia au wakalia. Kuhusu wasichana wale, ambao sasa ni wanawake wazima, sikusikia wengi wakiuliza habari zao.

Mwaka 2016 Bunge liliondoa yale mahojiano ya kwanza. Sheria sasa inasema mtoto aweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kusema aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Lilionekana jepesi. Lakini miaka michache haikupita kabla hukumu hazijaanza kutenguliwa kwa sababu hakimu hakuiandika ahadi hiyo! Mahakama ya Rufani ikalazimika kueleza maswali rahisi ya kumwuliza mtoto: umri wake, dini yake, kama anaelewa kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Hata baada ya hapo majaji hawakukubaliana daima juu ya dawa ya kosa hilo. Wapo waliouondoa ushahidi wote, na wapo waliosema kwamba ushahidi wenye ukweli unaoonekana usitupwe kwa sababu ya kasoro ya namna hiyo.

Kuna wanaokasirika na kusema kwamba kanuni hizi ni vichaka vya wahalifu. Naielewa hasira yao, maana nimemwona yule baba. Lakini nimeziona pia barua za wafungwa, zilizoandikwa kwa penseli gerezani, za watu wasio na wakili, ambao tumaini lao lote ni kwamba mtu mmoja mahali fulani atasoma kwa makini. Anayetumikia kifungo cha maisha na mtoto aliyedhulumiwa wanategemea bunda lile lile la karatasi. Tukililegeza kwa ajili ya mmoja, tunalilegeza kwa wote wawili.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, dawa haipo juu, kwa majaji watatu waliovaa majoho. Ipo chini, katika chumba chenye joto cha mahakama ya wilaya, saa tatu asubuhi, mtoto anapoingizwa. Hakimu amwulize taratibu, asikilize, aandike swali na jibu kama yalivyosemwa. Kazi hiyo huchukua dakika 10. Ikifanywa vema, mwenye hatia hatapata mwanya, asiye na hatia atasikika, na mtoto hatakuja kuambiwa, miaka 6 baadaye, kwamba maneno yake yameondolewa katika kumbukumbu.