Kuta za Mtakatifu Yakobo, Murang'a

Msafiri anayeshuka kutoka Karatina kupitia Sagana hufika Murang'a, mji ambao wakoloni waliuita Fort Hall. Hapa ndipo lilipo Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury.

Hazina yenyewe imo ndani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana mzaliwa wa Marangu, Elimo Njau, aliyesomea sanaa Makerere, alichora humu picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika. Anazaliwa katika boma la Wakikuyu, si katika zizi la Bethlehemu ya kadi za Krismasi. Kwa waumini waliozoea Yesu wa rangi ya maziwa, huo haukuwa uamuzi mdogo.

Katika makanisa ya vijiji vya Ulaya ya Zama za Kati, wakulima wasiojua kusoma waliisoma Biblia ukutani, na watakatifu wao walivaa kama majirani zao. Njau alifanya vivyo hivyo kwa watu wa hapa. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi.

Ingia polepole; macho yakizoea kivuli, rangi hujitokeza zenyewe.