Waliochora ramani ya Zanzibar, na mashine iliyokuja nyuma yao



Kila nikikaa kafe hapa Darajani nasikia suali moja: "Kaka, nisome kozi gani ya kompyuta nipate kazi?" Na mimi niliuliza hivyohivyo mwaka 2006. Nikasoma Word na Excel miezi mitatu, nikapewa cheti chenye muhuri mkubwa kuliko jina langu, nikazunguka nacho hoteli za Shangani mpaka bahasha ikachanika. Kumbe kila niliyemkuta kwenye foleni anacho hichohicho.

Basi leo sitaji kozi. Nitaeleza kazi moja ya kompyuta iliyofanyika hapahapa kwetu, mjue kazi hizi zinavyozaliwa na zinavyogeuka.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba yote kutoka angani kwa droni. Mradi unajulikana kama Zanzibar Mapping Initiative. Benki ya Dunia iliunga mkono, Drone Adventures kutoka Uswisi wakafundisha, na wanafunzi wa SUZA wakawemo katika warushaji. Droni yenyewe, eBee, ni bawa la sponji gumu lisilofika hata kilo moja. Unalirusha kwa mkono, linakwenda lenyewe kwa njia uliyolipangia kwenye kompyuta, linarudi kutua.

Lakini msidhani kurusha ndo kazi. Kurusha ni dakika tu. Kazi iko ofisini: maelfu ya picha zinazopandana, programu inaziunga ziwe picha moja kubwa, kila mnazi na kila bati likae mahali pake. Halafu lazima mtu akae na mausi achore nyumba moja moja. Kona, kona, kona, kona, funga. Ya pili. Ya elfu. Subira yake kama ya mshona kofia. Dar nako, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo walichora hivyo kata zinazokumbwa na mafuriko, katika mradi wa Ramani Huria.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 2018 picha zile za Zanzibar, pamoja na michoro ya nyumba zake, zikawekwa kwenye shindano la wazi. Yeyote duniani aliruhusiwa kuzitumia kuifundisha mashine itambue majengo peke yake, kwa mafungu matatu: nyumba iliyokwisha, isiyokwisha, na msingi mtupu. (Aliyepita Fuoni hahitaji kuelezwa kwa nini msingi umepewa fungu lake. Iko mingine imeota majani ikimsubiri mjomba Oman atume pesa.) Maana yake, kila nyumba aliyoichora kijana kwa mkono imekuwa somo la mashine.

Na mashine hazikuchelewa. Mwaka 2021 Google walitoa michoro ya majengo milioni 516 ya Afrika iliyotolewa na kompyuta kwenye picha za satelaiti. Milioni 516! Kidole gani kitashindana na hiyo? Anayejifunza leo kuchora paa tu, kisha basi, anarudia kosa langu la 2006.

Ila mashine inaona kutoka juu, na Mji Mkongwe hausomeki kutoka juu. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kichochoro kimefichwa na paa. Panapoonekana jengo moja panaweza kuwa na familia tatu, duka chini, na nyumba yenyewe ni ya wakfu. Mpaka wa shehia hauonekani kwenye picha. Wala mashine haijui kwamba lile paa la makuti ni banda la ng'ombe. Mtu akipanga bomba la maji au fidia ya barabara kwa ramani yenye makosa hayo, anayeumia ni wewe mwenye nyumba, si aliyeshinda shindano.

Kwa hiyo wadau, kinachotakiwa sasa ni mtu wa kuikagua mashine. QGIS ni bure. OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, unafungua akaunti bure na unachora kwenye kivinjari hichohicho unachosomea barua pepe, saa moja ya kafe inatosha kuanza. Ukishazoea, gusa Python kidogo, kwa sababu ndiyo lugha wanayotumia sana wanaofundisha mashine hizi. Droni iacheni kwanza, kurusha kunataka kibali.

Mimi nilianza na mtaa wetu. Siku ya kwanza nilichora ua wa ndani wa nyumba ya jirani kama paa, nikafurahi kweli. Mzee mwenyewe nilipomwonyesha akacheka mpaka akakohoa: "Mwanangu, hapo ndipo tunapoanika nguo."